Kivuli cha Mkarafuu

Kinole ni kwa Kingalu, jina walilorithishana wakuu walioheshimiwa Uluguru kwa kuleta mvua. Huko ndiko bibi yangu alikoamua kutegemea jua.

Hakuwa na habari ya mabadiliko ya tabianchi. Alichoka na koroboi. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na sisi tusio na gari tukaumia. Bibi akawa anakula na kulala kabla giza halijaingia. Miaka ikapita, akauza karafuu, akanunua paneli, betri na taa tatu.

Fundi alifunga paneli juu ya bati mwezi Desemba, jua likiwa upande wa kusini. Ilipofika Juni jua lilikuwa limehamia kaskazini, nyuma ya mkarafuu aliopanda marehemu babu. Kivuli kikaangukia paneli tangu asubuhi. Saa mbili usiku taa zilikuwa zimekwisha.

Nilishika panga. Mjomba akaninyang'anya.

“Huo mti ni wa nani?”

Nilikuwa nimetoka kusoma faili za vurugu za 1955, Waluguru walipokataa matuta ya mkoloni, nikidhani naielewa ardhi ya kwetu. Kumbe nilisahau jambo ambalo kila mtoto wa Kinole analijua: ardhi ni ya ukoo wa mama, lakini mti ni wa aliyeupanda. Ndiyo maana zamani aliyeazimwa shamba hakuruhusiwa kupanda miti ya kudumu. Mti hugeuka madai. Babu alipanda kwenye ardhi ya ukoo wa bibi, na kwa mila warithi wake ni watoto wa dada yake. Wao ndio huja kuchuma. (Katika tasnifu yangu hilo lilikuwa na aya moja tu.)

“Ukikata leo,” mjomba alisema, “kesho watasema tumewadhulumu.”

Akatumwa mtu. Mpwa wa babu alikuja Jumapili, akauzunguka mti kimya, akamuuliza bibi ana taa ngapi. Kisha akapanda mwenyewe, akakata matawi mawili. La tatu, lililokuwa na karafuu changa, akaliacha.

Baada ya siku mbili za jua, taa zilifika saa nne usiku. Nilikuwa bado nasoma.

“Zima, mjukuu wangu,” bibi akasema. “Nataka kulala.”