Marekani ya mfarishi

Ukishona mfarishi wa kujikinga na baridi ya Julai kule kwenye vilima vya Mbooni, ujazo ni pamba au sufi. Kazi ngumu ni kitambaa cha nje. Mimi nashikilia marekani, pamba nzito isiyopaushwa. Katika karne ya 19 ilifika Unguja kwa meli za Salem, Massachusetts; Wakamba waliopeleka pembe za ndovu Mombasa wakarudi nayo Ukambani. Vita vya 1861–1865 huko Marekani viliikatiza; baadaye vitambaa vya Bombay vikaingia, jina likabaki. Neno hili lastahili kuendelea kutamkwa dukani, katika miji ya Kitui na Wote. Ila marekani yenyewe ipime kwanza: iinue juani. Mwanga ukipenya kwa wingi, upepo nao utapita, na pamba itachomoza.