Kabla ya Intaneti Tulikuwa na A.k.a.

Wasee, wacha niseme kitu ambacho watu wa bingo ya mtandaoni hawawezi kukiri mbele ya mama zao. Wengi wao hawabaki pale kwa sababu ya pesa. Pesa huliwa mapema. Kinachowashika ni jina. Unaingia, unajiita Mfalme wa Loki, na kabla kadi ya pili haijaisha kuna mtu usiyemjua anaandika, "Mfalme umerudi!" Papo hapo unajihisi mtu.

Watu wazima husikia hivyo wakacheka. Mimi sicheki. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo msitarajie niandike kama lekchara, lakini historia ya kwetu Turkana inanionyesha kwamba jina la utani si mchezo mdogo. Kuna majina ya kukufanya uonekane, kuna ya kukuficha, na kuna mengine unabandikwa na watu ambao hata hawakujui.

Kwa wale hawajui bingo: toleo la Uingereza lina nambari 1 hadi 90, na kadi yako ina 15 kati ya hizo. Mtu mmoja anaita nambari, wewe unafuta zako, wa kwanza kumaliza anapiga kelele. Basi. Hakuna akili inayotakiwa hapo. Mwaka 1929 muuza vitu vya watoto wa New York, Edwin Lowe, aliukuta mchezo huu kwenye maonyesho huko Georgia, Marekani, watu wakifunika nambari kwa maharagwe na kupiga kelele "beano!" Hadithi inasema alipourudisha nyumbani, mchezaji mmoja ulimi ukateleza kwa furaha akatamka "bingo". Yaani hata mchezo wenyewe unatembea na a.k.a.

Waingereza waliufungulia kumbi za biashara kwa sheria ya 1960, na huko ndiko utani wa nambari ulikolewa. Muitaji hasemi 22 tu, anataja bata wawili wadogo, kwa sababu ya umbo la zile tarakimu. 11 ni miguu. 10 ni nyumba ya waziri mkuu, na kila serikali ikibadilika jina la waziri hubadilika pia. Ukumbi mzima unajibu kwa pamoja. Ukiwa mgeni hujui waseme nini, unakaa kama sanduku. Ukirudi mara ya tatu unajibu na wao.

Kenya tunaelewa hili bila kufundishwa, kwa sababu nambari zetu zote zina lakabu. Mbao, finje, soo. Noti ya mia tano iliitwa Jirongo baada ya uchaguzi wa 1992, wakati Cyrus Jirongo na kundi lake la YK'92 walipompigia Moi kampeni na pesa zikamwagika kila kona. Hakuna waziri aliyetangaza jina hilo. Wananchi walitazama, wakacheka, wakabatiza.

Sasa njoo kwetu. Mwanamume Mturkana wa zamani, na wako wengi hata leo huko fora, huwa na maksai mmoja anayempenda kuliko mifugo wote. Anamtungia wimbo. Anamfunza pembe zikue kwa mtindo anaoutaka. Na rangi ya yule maksai inageuka jina la mtu mwenyewe: unaweka "Apa" mbele, yaani baba wa, halafu rangi ama madoa ya mnyama. Ukimwita kwa jina hilo kwenye ngoma, anainua mikono juu kama pembe na anaruka. Hiyo ni profaili, bro. Picha, jina na muziki, na hakuna bando iliyotumika.

Tofauti ni hii: ile profaili huwezi kuifungua usiku peke yako kitandani. Lazima maksai awepo, na watu wamuone. Na juu ya hapo una timu. Kila mwanamume ni wa Mawe ama wa Chui, Ngimor ama Ngirisae, na mtoto wa kiume huingia upande usio wa baba yake. Fikiria hiyo akili. Mzee na kijana wake wako timu tofauti, kwa hivyo utani kati ya vizazi umepangwa tangu uzaliwe.

Ukivuka mpaka kwa Wadinka ni vilevile. Mabior ni dume mweupe, Majok ni mweusi na mweupe. Lile jina la mwisho la John Garang de Mabior, kumbe ni ng'ombe. Wakimbizi walipofika Kakuma mwaka 1992, watu wa huko na wenyeji waligombania kuni na maji, na wanagombana bado, lakini kwa majina ya ng'ombe hakuna aliyehitaji mkalimani.

Kakuma pia ndiko nilikojifunza kuchukia lakabu za wageni. Wale vijana wa Sudan waliotembea kutoka Ethiopia bila wazazi, dunia iliwaita Wavulana Waliopotea, jina lililotolewa kwenye hadithi ya watoto ya Kizungu, ile ya Peter Pan. Wapo waliolikataa wakiwa wakubwa. Walikuwa wanajua vizuri sana walikotoka. Linganisha na mtaa wa Kakuma 1 unaoitwa Hong Kong, jina la wenyewe, la dharau kidogo na majigambo mengi. Hilo hata mtoto wa pale analitaja akitabasamu.

Ziwa letu nalo. Mwaka 1888 Teleki na von Höhnel walifika, wakaliita Rudolf, kwa heshima ya mwana wa mfalme wa Austria ambaye hakuliona hata siku moja na ambaye alikufa mwaka uliofuata. Tulibeba a.k.a. ya mtu asiye hapa hadi 1975.

Kuna lakabu za kujificha, na hizo siziponde. Turkana imewahi kuwa jela ya watu wenye a.k.a. nzito kuliko zote Kenya. Lokitaung alifungwa Waruhiu Itote, ambaye msituni aliitwa Jenerali China. Wenzake walikuwa na wengine, kama Jenerali Tanganyika. Jina lile liliwaficha kwa Mwingereza, lakini ndani ya msitu kila mpiganaji alijua China ni nani na anaweza kumfanya nini. Gerezani alimkuta mzee aliyemfundisha Kiingereza. Mzee huyo alizaliwa Kamau wa Ngengi, akabatizwa Johnstone, kisha akachukua jina linalohusishwa na mkanda wa shanga aliopenda kuvaa: Kenyatta. Mwaka 1959 walimhamishia Lodwar. Miaka michache baadaye jina la mkanda liko kwenye noti.

Hata Loki ni lakabu. Jina kamili ni Lokichoggio, lakini tangu 1989, Umoja wa Mataifa ulipoanzisha operesheni ya kupeleka chakula Sudan Kusini, mji wetu mdogo ukawa uwanja wa ndege wenye kelele usiku na mchana, na rubani anayeita kwa redio hana muda wa silabi zote hizo. Amani ikatiwa saini Januari 2005, mashirika yakahamia Juba, ajira zikaondoka nao. Lile jina fupi lilibaki kwetu.

Ndiyo sababu bingo ya simu inaniuma kidogo. Tangu M-Pesa ianze 2007, kasino imekaa mfukoni. Serikali ilikataa kuwapa leseni kampuni 27 za kamari mwaka 2019, watu wakadhani mambo yameisha. Mji usio na kazi una usiku mrefu sana.

Nina beshte tunamwita Soo Mbili, kwa sababu hakuna mtu Loki hajamkopesha mia mbili. Ni jina la aibu, lakini analiitikia. Kwenye bingo, yeye ndiye alikuwa Mfalme. Alikuwa na wenzake huko wenye majina matamu, walikuwa wanaamkiana asubuhi, wanapongezana, wanatumiana vicheko. Nakwambia ilikuwa familia. Halafu pesa ya kodi ikaliwa, simu ikauzwa, Mfalme akanyamaza.

Hakuna aliyeuliza. Nilimwazima simu yangu wiki mbili baadaye afungue aone. Watu walikuwa wanampongeza mwingine. Si kwamba ni wabaya. Wangemuuliza nani? Hawakujua jina lingine lolote, wala mlango wa kugonga. Lakini hapa nyumbani Soo Mbili alikosekana kijiweni siku tatu tu, mama wa chai akauliza, "Yule mdeni wangu yuko wapi?" Tukaenda. Tulimkuta amelala na njaa. Aliyetangulia kuingia alikuwa anadaiwa zaidi yetu sote.

Sasa mbogi yetu ina bingo yake. Jioni, chini ya mti, kadi tumekata kwenye katoni, zawadi ni chapati. Hakuna shilingi inayoingia, hiyo tulikubaliana mwanzo kabisa. Na nambari tumezibatiza wenyewe. 23 ni nyumbani, kwa sababu ndiyo nambari ya kaunti. 47 ni Kenya nzima. 50 ni finje, hiyo haikujadiliwa. 59 ni mzee wa mkanda. 75 ni ziwa. 84 ni kijana wa Nariokotome, yule wa miaka milioni moja na nusu ambaye timu ya Kamoya Kimeu ilipata mifupa yake mwaka huo. Makumbusho yanamwita KNM-WT 15000, nambari ndefu kama ya kitambulisho. 89 ikiitwa, wote tunainua mikono na kunguruma kama ndege ya mizigo, na mbwa wa jirani hubweka kila mara.

Muitaji ni Soo Mbili. Ana sauti. Juzi msichana mmoja kutoka Kakuma alikuja mara ya kwanza, akakaa kimya michezo miwili. Wa tatu, nambari 22 ikaitwa, nambari ambayo hatukuwa na jina lake, na kabla mtu hajafungua mdomo akasema, "Foleni ya chakula." Zile mbili, alisema, ni watu wameinama na magunia. Tumeiandika.