Wabster, spraing na plaid: maneno ya kale ya wafumaji wa Uskoti

Huenda umewahi kusikia majina Webster na Walker redioni, kwenye habari au matangazo ya mpira. Asili yake ni kazi. Webster ni mfumaji wa nguo. Walker ni mtu aliyekanda nguo ya sufu ndani ya maji ili ikaze. Kazi hizo zimepungua sana, lakini majina yamebaki.

Makala haya yanaeleza baadhi ya maneno ya kale ya ufumaji nchini Uskoti, kaskazini mwa Uingereza, na mambo yaliyowapata watu walioyatumia.

Kiskoti ni lugha gani?

Kiskoti ni lugha ndugu ya Kiingereza. Ni tofauti na Kigaeli, lugha ya wenyeji wa milimani na visiwa vya magharibi, ingawa lugha hizo mbili zimeazimana maneno. Mwaka 1808 mchungaji wa kanisa, John Jamieson, alichapisha kamusi kubwa ya Kiskoti. Maneno mengi ya wakulima na mafundi yaliandikwa humo wakati mashine zilikuwa zimeanza kubadili kazi zao.

Kutoka kwa kondoo hadi nguo

Sufu, yaani manyoya ya kondoo, iliitwa "oo". Kwanza ilichambuliwa kwa vibao vyenye meno ya waya, kazi iliyoitwa "caird", kisha ikasokotwa kuwa uzi.

Mfumaji, "wabster", alitandika nyuzi za urefu kwenye mtambo. Hizo ndizo mtande. Kisha alipitisha nyuzi za upana, yaani mshindio, huku na huku. Uzi wa mshindio ulizungushwa kwenye kijiti kilichoitwa "pirn". Baadaye wavuvi walilichukua neno hilo kuita kigurudumu cha kuzungushia mshipi wa kuvulia samaki. Nguo iliyofumwa iliitwa "wab", na vipande vya nyuzi vilivyobaki mtamboni baada ya nguo kukatwa viliitwa "thrums".

Nguo ikitoka mtamboni bado ilikuwa legelege, hivyo ililoweshwa na kukandwa. Kazi hiyo iliitwa "wauk". Katika visiwa vya magharibi wanawake walikaa kuzunguka meza ndefu, wakaipiga nguo kwa pamoja huku wakiimba kwa Kigaeli ili mikono iende sawa. Nguo ililoweshwa kwa mkojo uliokaa siku nyingi, kwa sababu mkojo huo huondoa mafuta ya sufu.

Mtia rangi aliitwa "litster". Rangi nyingi zilitoka kwenye mimea. Rangi ya kahawia ilipatikana kwa kuchemsha "crottle", utando mkavu unaoota juu ya mawe.

Milia na miraba

Mlia wa rangi kwenye nguo uliitwa "spraing". Milia ya mtande ikikatana na milia ya mshindio, hutokea miraba, na kitambaa cha namna hiyo ndicho "tartan". Neno hilo limo katika hesabu za matumizi ya mfalme James V za mwaka 1538.

Mpangilio wa milia huitwa "sett", na mfumaji huufuata kwa kuhesabu nyuzi. Rangi mbili zikikatana, jicho huona rangi ya tatu. Ndiyo maana mfumaji mwenye rangi 6 tu anaweza kupata hadi 21: zile 6 zenyewe na michanganyiko 15.

Wengi hudhani kila ukoo wa Uskoti umekuwa na miraba yake tangu zamani. Ukweli ni kwamba desturi hiyo ilienea hasa katika karne ya 19, baada ya mfalme George IV kuzuru Edinburgh mwaka 1822.

Kabla ya hapo, vazi hilo liliwahi kupigwa marufuku. Baada ya uasi wa watu wa milimani kushindwa, sheria ya mwaka 1746 iliwakataza wanaume na wavulana wa huko kuvaa mavazi yao ya asili, isipokuwa wanajeshi wa mfalme. Adhabu ya kosa la kwanza ilikuwa miezi 6 jela. Aliyerudia alipelekwa ng'ambo kwa miaka 7. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782.

Nguo za watu wa kawaida

"Plaid" ni nguo ndefu ya sufu ya kujitanda begani. Mchana ilikuwa vazi, usiku blanketi. Wachungaji wa kusini walivaa "maud", yenye miraba midogo. Pembe yake ilishonwa kama mfuko, na mwanakondoo mchanga aliweza kubebwa humo.

"Hodden" ilikuwa nguo nzito ya sufu isiyotiwa rangi. Sufu nyeusi ilipochanganywa na nyeupe ilitoa kijivu, na kijivu hicho kikawa alama ya maskini. Mshairi Robert Burns alilitumia neno hilo katika wimbo wake wa mwaka 1795 kuhusu usawa wa binadamu.

Katika visiwa vya Orkney na Shetland palikuwa na "wadmel", nguo nene ambayo watu waliitumia hata kulipia kodi.

Wafumaji waliojiunga

Mwaka 1761 wafumaji wa kijiji cha Fenwick walianzisha chama cha kulinda ubora wa kazi na bei zao. Mwaka 1769 walitumia fedha za chama kununua unga wa oti kwa wingi na kuuziana kwa bei nafuu. Chama hicho huhesabiwa miongoni mwa vyama vya ushirika vya kwanza duniani.

Jina lenye ulinzi

Kitambaa cha sufu kilichofumwa kwa mistari ya mshazari kiliitwa "tweel". Inasimuliwa kwamba karibu mwaka 1830 mfanyabiashara wa London alilisoma vibaya, akaandika "tweed", jina la mto wa kusini mwa Uskoti, na jina hilo likashika.

Leo jina "Harris Tweed" linalindwa na sheria ya mwaka 1993. Kitambaa hicho lazima kifumwe na wenyeji wa visiwa vya Outer Hebrides, majumbani mwao, kwa sufu iliyotiwa rangi na kusokotwa hukohuko. Kiwanda cha mahali pengine kinaweza kufuma kitambaa kinachofanana nacho, lakini hakiruhusiwi kukiuza kwa jina hilo. Kwa njia hiyo, kipato cha anayefuma kisiwani hutegemea mikono yake na pia jina ambalo mwingine hawezi kulichukua.