Mfasiri Aliyeuchora Mji Upya

Septemba 1666, moto uliuteketeza mji wa London kwa siku nne. Miongoni mwa waliofilisika alikuwamo mzee John Ogilby, ambaye akiba yake ya vitabu iliishia majivuni. Mzaliwa huyu wa Scotland alianza maisha kama mwalimu wa dansi, hata alipoumia mguu na kubaki akichechemea. Kilatini alikisoma ukubwani, akamfasiri Virgil. Kiyunani alikianza akiwa amepita miaka hamsini, akamfasiri Homer. Washairi wakubwa walimcheka, na Dryden na Pope wamemtaja kwa kejeli katika tungo zao. Walakini Pope huyohuyo, utotoni mwake, alimwonja Homer kwanza katika tafsiri ya Ogilby, na akaipenda.

Baada ya moto, msiba haukuwa majivu pekee. Kuta zilizoanguka zilikwenda na mipaka yake, na kila mtu akadai chake. Ogilby, pamoja na William Morgan, mjukuu wa mkewe, alishirikishwa katika kazi ya kupima viwanja. Upimaji wao ukazaa ramani ambamo inchi moja ya karatasi ni futi mia moja za ardhi. Ramani za zamani zilipenda kuonyesha mapaa na minara, kama mji uonwavyo na ndege. Hii ilionyesha kila jengo kwa msingi wake.

Hapo likazuka tatizo ambalo mfasiri yeyote angelitambua: maneno mengi, nafasi finyu. Barabara pana hubeba jina lake bila taabu. Je, kichochoro kisichopitisha mikokoteni miwili, au ua uliojificha nyuma ya nyua nyingine, jina lake liandikwe wapi? Kuliacha ni kuwafuta wakaao humo. Ndipo palipo padogo pakapewa herufi na tarakimu, na jina kamili likawekwa katika kijitabu cha maelezo kilichofuatana na ramani. Msomaji huangalia alama, akafungua kijitabu, akalikuta jina.

Kugawa ramani kwa herufi pambizo moja na tarakimu pambizo ya pili, ili jina katika faharasa limpeleke mtu kwenye mraba wake, hakukuwa ubunifu wa Ogilby. John Norden alikwisha kufanya hivyo mwaka 1593 katika ramani yake ya Middlesex, na haki yake apewe. Lakini Norden alihesabu vijiji; Ogilby na Morgan waliingia hadi uani mwa watu.

Ogilby alifariki Septemba 1676, kabla ramani haijawafikia wasomaji. Morgan ndiye aliyeitoa, na kijitabu chake kikachapwa mwaka 1677. Mzee alizikwa St Bride's, kanisa lililoungua katika moto uleule na kujengwa upya.