Wanasesere katika Rangi za Maji

Baina ya mwaka 1935 na 1942 serikali ya Marekani iliwaajiri wachoraji wapatao 400, waliokosa kazi kwa sababu ya mdororo wa uchumi, wachore kazi za mikono za wahenga wao. Zilipatikana picha 18,000 hivi, nyingi za rangi za maji, ambazo sasa zimehifadhiwa Washington. Wamo hata wanasesere wa mbao na wa matambara. Mchoraji aliuonyesha kila uzi uliofumuka na kila rangi iliyopauka, jambo ambalo kamera za siku zile hazikuliweza sawasawa.

Uganda nayo haikukosa juhudi ya namna hiyo. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, alishirikiana na Klaus Wachsmann kutoa kitabu chenye michoro ya kazi za mikono za makabila ya nchi hii mwaka 1953.

Kwetu Arua na Koboko jambo hili lina uzito wake. Vita vya 1979 na mapigano ya 1980 viliwakimbiza Walugbara na Wakakwa wengi hadi Sudani na Zaire ya wakati huo. Akimbiaye hubeba mtoto na sufuria. Mwanasesere wa gunzi au wa udongo huachwa mlangoni, na nyumba ikiteketea huteketea naye.

Basi, ndugu walimu, tuwatume wanafunzi kwa bibi zao. Wawaulize walivyowatengeneza wanasesere, wawachore, na chini ya kila picha waandike jina kwa lugha ya mama na kwa Kiswahili. Kilichochorwa na kutajwa jina hakipotei chote.