Bibi Titi Mohamed na Deni la Shukrani

Kamati iliponipa ukurasa wa historia katika kijitabu hiki cha miaka kumi, ilitaka nieleze namna jamii inavyowatunza watumishi wake waliofanya kazi njema. Sababu mnaijua. Tulibishana nusu nzima ya kikao kama fedha za mfuko wa jamii zitumike kumtunza mtumishi wa serikali. Wapo waliosema, "Huyo si analipwa mshahara? Kanga ya nini tena?" Mimi siku ile nilinyamaza. Leo najibu, na nitajibu kwa habari za Bibi Titi Mohamed, maana sisi watu wa vikundi ndiye mwenzetu hasa.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Shule alisoma miaka michache tu, basi. Mjini alijulikana kwa sauti yake, kwani alikuwa mwimbaji kiongozi wa Bomba, kikundi cha lelemama. Vijana wa leo wakisikia ngoma wanadhani ni kukata viuno tu. Hapana jamani. Kikundi cha ngoma kilikuwa na viongozi wake, sare zake na michango yake. Mwenzao akifiwa au akioza mtoto, walijua la kufanya. Mwenye macho ataona kwamba hakikuwa mbali sana na hiki chetu, ila sisi tumeongeza sanduku la kufuli tatu na daftari, na ngoma tumeipunguza.

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata alifika mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, naye akauliza: je, wanawake wenu wako wapi? Viongozi wakatazamana. Ndipo akafuatwa Bibi Titi, ambaye tayari alikuwa na kadi ya TANU namba 16; namba 15 ilikuwa ya mumewe, Boi Selemani. Ruhusa iliombwa kwanza kwa mume, ndivyo mambo yalivyokuwa.

Sasa tazameni alivyofanya kazi. Ofisi hakuwa nayo, gari hakuwa nalo. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, akijua kwamba kiongozi akikubali, kikundi kizima kinakuja nyuma yake. Ilipofika Oktoba 1955 kitengo cha wanawake kilikuwa na wanachama wapatao 5,000. Wengi wao walikuwa akina mama wasiojua kusoma, waliokuwa wakiishi kwa biashara ndogondogo kama kuuza maandazi na pombe ya kienyeji. Yeye mwenyewe hakuwa amewahi kuhutubia mkutano wa siasa, lakini mtu aliyezoea kuongoza wimbo mbele ya umati haogopi umati. Baada ya hapo alizunguka nchi pamoja na Mwalimu Nyerere, na mahali pengi akina mama walitoka nje kwa sababu ya kumsikia mwanamke mwenzao akinena.

Baada ya Uhuru wa 1961 akawa mtumishi wa umma kwa cheo: mbunge wa Rufiji, na waziri mdogo katika wizara ya maendeleo ya jamii. UWT ilipoundwa mwaka 1962, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza.

Halafu mambo yakageuka. Mwaka 1965 alishindwa ubunge. Mwaka 1967 aliacha nafasi yake katika Kamati Kuu ya TANU kwa kuwa hakukubaliana na masharti ya Azimio la Arusha, yaliyokataza kiongozi kupangisha nyumba. Azimio lilikuwa na sababu zake. Lakini mwanamke wa mjini wa siku zile angeweka wapi akiba yake kama si kwenye vyumba vya kupangisha? Hilo nawaachia wanachama tuliojadili juzi habari za kununua kiwanja. Oktoba 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka.

Toka hapo, kimya. Ilipofika 1991, Taifa likiadhimisha miaka 30 ya Uhuru, ndipo gazeti la chama likamtaja tena kuwa shujaa wa kupigania Uhuru. Hesabuni wenyewe: kutoka 1972 mpaka 1991 ni miaka 19. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 huko Johannesburg, alikokuwa akitibiwa. Leo ukipita Mnazi Mmoja unakuta Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na makondakta wanataja jina lake kutwa nzima. Ni heshima kubwa. Ila mimi nawaza ile miaka 19, mama yule akiwa hai, ana masikio ya kusikia ahsante.

Nasi tunaye wetu. Yule bibi maendeleo wa kata aliyetufundisha kuandika hisa kwenye daftari, akatusimamia mpaka tukapata cheti cha usajili, alikuwa akija Jumamosi, siku ambayo mshahara haumlazimishi kutoka kwake. Mvua ikinyesha alikuja na viatu mkononi. Mwaka wa nne akahamishwa wilaya nyingine, akaondoka Jumatatu asubuhi, na hakuna hata mmoja wetu aliyefika kituo cha basi. Mimi nikiwa katibu nilikuwa sokoni nauza nyanya.

Mwenyekiti amempigia simu wiki iliyopita. Bado miaka miwili astaafu. Amesema atakuja siku ya sherehe, tena atataka kuliona daftari kwanza kabla ya kula pilau. Nauli yake ya kuja na kurudi imepitishwa kwa kura 17 dhidi ya 8. Kanga zimeshanunuliwa, doti mbili, na wale wanane nao wamechangia.