Mwana wa Wahamiaji Aliyefia Entebbe

Ndugu wapendwa, sisi wa Kibondo na Kasulu tumewaona watu wakiingia na mizigo kichwani, wasiobakiza ila uhai. Kwa hiyo yafaa leo tutafakari habari za askari mmoja aliyezaliwa nchi moja, akakulia nyingine, akafia jirani yetu Uganda.

Yonatan Netanyahu alizaliwa New York, Marekani, tarehe 13 Machi 1946, katika familia ya Kiyahudi. Wazazi wake walihamia naye Israeli angali mtoto mdogo. Mwaka 1963 walirudi naye Marekani, lakini mwaka 1964 alirejea Israeli kuingia jeshini. Alijeruhiwa katika vita ya mwaka 1967, akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akarudia uaskari. Mdogo wake Benjamin ndiye aliyekuja kuwa waziri mkuu.

Tarehe 27 Juni 1976 Wapalestina wawili na Wajerumani wawili waliiteka ndege ya Air France iliyokuwa ikitoka Tel Aviv kwenda Paris. Ikapelekwa Benghazi, kisha Entebbe, ambako Idi Amin aliwapokea watekaji. Hapo majina yalisomwa. Waisraeli na wengine wachache wakatengwa. Abiria waliosalia, karibu 150, wakaachiliwa. Rubani Michel Bacos na wenzake walikataa kuondoka na kuwaacha abiria wao.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai askari wa Israeli walitua Entebbe, Yonatan akiongoza kikosi kilichovamia jengo. Mateka 102 waliokolewa. Mateka watatu walikufa, na askari wengi wa Uganda, ambao nao walikuwa na mama zao. Katika jeshi la Israeli aliyekufa ni Yonatan peke yake, akiwa na umri wa miaka 30. Bibi Dora Bloch, mwenye miaka 74, aliyekuwa amepelekwa Hospitali ya Mulago, aliuawa baadaye; mabaki yake yalipatikana mwaka 1979, majeshi ya Tanzania yalipokwisha kumwondoa Amin. Wakenya wengi waliokuwa wakiishi Uganda waliuawa vilevile, kwa sababu ndege za Israeli zilijaza mafuta Nairobi.

Ndugu, tuangalie maovu hayo yalivyofuatana. Damu ya wageni ilimwagika baada ya watu kupangwa kwa makundi: huyu mwenzetu, huyu si mwenzetu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na Nduta ikawapokea tena Warundi mwaka 2015. Je, kisimani, sokoni na katika jumuiya zetu ndogondogo, hatujapata kuwapanga watu namna hiyo? Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Yonatan alikwenda Entebbe na silaha. Rubani Bacos hakuwa nayo. Yeye alibaki tu. Si wengi wetu watakaoitwa kushika bunduki, bali kubaki kila mmoja aweza. Siku mbuzi atakapopotea na kijiji kizima kikasema, "Ni wakimbizi," mmoja wetu na asimame upande wao mpaka ukweli ujulikane. Amina.